Mume Hajui

Zena Saadi hakuwa mtu wa kupoteza muda, na ndiyo maana mchezo ule ulimfaa kuliko wenzake wote.

Ukumbi wa kukodi pale Ruangwa mjini ulikuwa na watafiti ishirini na wawili, feni mbili ambazo moja ilikuwa pambo tu, na juu ya kila meza kipande cha turubai kilichochorwa vyumba vya ghala. Mwezeshaji aliitwa Protasi, mtu wa Morogoro, shati limenyooshwa kama la bwana harusi.

"Mchezo unaitwa Ghala," alisema. "Data zenu ndiyo mazao. Mnavuna, mnapanga, mnaandika kila gunia lina nini na limetoka wapi, halafu mnafungua mlango watu wote waje wachukue. Data inayokaa kwenye sanduku la mtu haina tofauti na korosho iliyooza. Sayansi huria ndiyo hiyo. Mlango uko wazi."

Alama zilihesabiwa kwa korosho ghafi, zilizomo kwenye mfuko wa kitambaa. Ukitunza vizuri unapewa, ukizembea unanyang'anywa. Kulikuwa na kadi za neema na kadi za balaa. Brigita, dada wa idara ya mifugo, alivuta moja akaisoma kwa sauti: "Panya wamekula madodoso yako ya mwaka juzi. Rudisha korosho tatu." Meza ikacheka. Kadi nyingine ilisema aliyekuwa anajua neno la siri la kompyuta amehamishiwa Kigoma na simu yake haipatikani. Hapo walicheka mpaka meza za jirani, kwa sababu mtu huyo kila ofisi ilikuwa naye.

Zena alicheza kama anayewahi sokoni. Kadi ikifika mkononi, ameshajibu. Aliyemchelewesha alikuwa Mzee Kipriani, mtafiti aliyebakiza miezi kumi na minne kustaafu, ambaye data zake za miaka thelathini zilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chake. Mzee alisoma kila kadi mara mbili, mbele na nyuma, hata ile isiyo na kitu nyuma.

Mchana wa siku ya pili ikaja kadi moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa: FICHA MAJINA YA WATU KABLA YA KUFUNGUA MLANGO.

"Tumeficha," Zena akasema, mkono tayari umenyooshwa kudai korosho.

"Ngoja kwanza," alisema Mzee Kipriani. "Ficha vipi?"

"Kuficha, mzee. Unaificha safu yenye majina. Unabonyeza kulia, unachagua kuficha, imekwisha."

"Mimi nikificha kitu nyumbani, mke wangu hukipata kabla sijakaa chini."

Brigita alicheka mpaka akafuta macho. Protasi alikuwa na saa mkononi. "Meza namba nne, mna nusu dakika." Zena alimwangalia mzee kama mama anavyomwangalia mtoto anayetafuta kiatu wakati gari limeshapiga honi. "Mzee wangu, tusonge mbele." Mzee akaiweka kadi chini. Walipewa korosho tano.

Mchezo wa mwisho ulikuwa wa kweli. Kila mtu alikuja na data zake mwenyewe kwenye kompyuta, na wa kwanza kuziweka kwenye ghala la mtandaoni, zikiwa zimepangwa na kuandikiwa maelezo yake, angeondoka na chupa ya chai, kubwa, nyekundu, bado iko kwenye boksi. Zena alikuwa na utafiti wake wa wanawake wa Nandagala wenye mikorosho yao wenyewe, kaya thelathini na mbili. Alificha safu ya majina. Akaficha ya namba za simu. Akaficha na ya maoni. Akapakia.

Chupa ile aliibeba mapajani mpaka Nachingwea.

Siku ya nne baada ya Idi Kubwa, Ashura alishuka kwenye gari la asubuhi kutoka Ruangwa akiwa na furushi moja na ndoo yenye mfuniko. Ashura ni dada yake Zena, baba mmoja mama mmoja, amemzidi miaka sita. Alikaa barazani bila kubisha hodi mpaka Shakila, binti yake Zena, alipotoka na ufagio na kumkuta.

"Mama, ni mama mkubwa. Ana mizigo."

Zena alitoka na kanga begani. Kumtazama dada yake mara moja kulitosha.

"Hemedy?"

"Amenipa talaka moja," Ashura akasema. "Jana, baada ya alasiri. Ameiandika kwenye karatasi, mwandiko mzuri."

Zena alimwingiza ndani, akamkalisha, akamimina chai kutoka kwenye ile chupa nyekundu. Ashura alikishika kikombe bila kunywa. Mume wa Zena, Abubakary, mwalimu wa sekondari, alisalimia kwa adabu zote, kisha akapata kazi ya haraka uani.

"Amekukuta na nini?"

"Hajanikuta na kitu. Amenisoma."

Akatoa simu. Picha ilikuwa ya karatasi iliyobandikwa ukutani kwenye ghala la korosho kule Nandagala, orodha ya wakulima watakaopewa salfa ya kupuliza mikorosho msimu ule. Mpigaji alikuwa amekata sehemu ya chini ili maandishi yaonekane makubwa. Mstari mmoja ulisomeka hivi: Ashura Saadi, mikorosho 64, shamba la mjomba, mume hajui.

"Hemedy alikwenda kuangalia jina lake mwenyewe," Ashura alisema. "Unajua pale wengi hawasomi. Kuna mtu anawasomea. Akasoma kwa sauti, 'Ashura Saadi, mikorosho sitini na minne, mume hajui.' Halafu akawauliza watu, wala hakuwa na ubaya, 'Jamani, huyu mume wake ni nani?' Na mume wake amesimama hapo hapo, mfuko wa kubebea salfa uko kwapani."

Zena aliirudia picha, akausoma tena ule mstari.

"Sasa ndilo jina lake. Mume Hajui. Mpaka wauza mihogo. 'Mume Hajui, leo hujui bei?'" Ashura alitabasamu kidogo, tabasamu likafa lenyewe. "Ningekuwa mtu mwingine, ningecheka."

Mikorosho ile Ashura aliipanda mmoja mmoja kwa miaka tisa, kwenye ardhi ya mjomba wao, ambako kwa mila za kwao hakuna aliyeweza kumwuliza. Kwa mumewe alikuwa akisema anakwenda kumsaidia mjomba palizi. Sare na madaftari ya watoto yalitoka kwenye mikorosho hiyo, na Hemedy alizoea kusema mbele za watu kwamba watoto wake hawajawahi kurudishwa shule hata siku moja, na ni kwa jasho lake.

Ashura alipoingia kuoga, Zena alifungua kompyuta. Faili lilikuwa safi kama alivyoliacha. Ila juu kabisa, herufi za safu zilikwenda A, B, kisha zikaruka hadi E. Hakuwahi kuliona pengo lile. Akabonyeza kulia, akachagua kufunua, na majina yakatoka yote thelathini na mawili, kwa mpangilio, kila mtu na simu yake. Akasogea mwisho wa faili, akafunua na maoni. Mikorosho mikongwe. Njia mbaya wakati wa mvua. Anaomba miche. Mume hajui.

Siku ile ya utafiti, kanuni ilitaka kaya thelathini na mbili, na ya mwisho haikupatikana. Mwenyewe alikuwa amesafiri kwenda Lindi. Jua lilikuwa linazama, pikipiki ina mafuta ya kurudia tu, na dada yake alikuwa pale pale shambani, anapalilia. Zena alimwambia, "Jibu tu, dada, nimalize kazi. Jina lako nitalificha." Na kweli alilificha.

Aliliondoa faili mtandaoni saa ile ile. Pembeni palikuwa na hesabu ndogo ambayo miezi yote alikuwa akiitazama kwa furaha: limepakuliwa mara arobaini na moja.

"Mwambie," Abubakary alisema, walipokuwa wawili jikoni.

"Nitamwambia nikishatengeneza."

"Mama Shakila, hili si bomba la maji."

"Nimesema nitatengeneza."

Kutengeneza kulianzia Nandagala, kwenye ofisi ya chama cha wakulima, chumba kimoja chenye dirisha la nondo. Karani wake, Idd, alimpokea Zena kwa heshima kubwa, akafuta kiti kwa kiganja.

"Dada Zena, karibu sana. Ile data yako imetuokoa. Orodha yetu ya zamani ilikuwa na marehemu wengi kuliko walio hai. Wanawake ndiyo kabisa, hawakuwemo. Mwaka huu wamo."

"Majina uliyapata wapi, Idd? Niliyaficha."

"Niliona herufi zinaruka. Nikajua umezikunja ili karatasi itoshe wakati wa kuchapa, hata sisi hufanya hivyo. Nikazikunjua." Akaona uso wa Zena, naye uso ukaanza kubadilika. "Nilikosea?"

"Na maoni ukayabandika."

"Nilidhani ni maoni ya shamba. Mikorosho mikongwe, njia mbaya. Sikusoma yote, dada. Orodha nzima ina majina zaidi ya mia tatu, na salfa ilikuwa imeshafika." Kisha akasema kwa unyonge, kama mwanafunzi anayeonyesha kwamba angalau sehemu moja aliipata, "Lakini nimekutaja. Mimi nilikuwa awamu ya pili ya ule mchezo. Tulifundishwa, ukitumia data ya mtu, mtaje."

Akamwonyesha nakala. Chini kabisa, mahali ambapo picha ya Ashura ilikatwa, paliandikwa: Chanzo cha taarifa: Zena Saadi, Nachingwea.

Ukutani karatasi ilikuwa imeshabanduliwa. Vilibaki vipande vinne vya gundi na mraba mweupe.

Hemedy alikuwa dukani kwake Ruangwa, duka la vipuri vya baiskeli, anafunga waya kwenye gurudumu. Hakusimama.

"Karibu, shemeji. Chanzo cha taarifa."

Zena aliipokea hiyo, akakaa kwenye benchi la wateja. Alimweleza yote kwa mfululizo, tangu mchezo, kadi, mpaka safu, bila kujipunguzia. Hemedy alisikiliza huku anakaza waya mmoja baada ya mwingine.

"Kwa hiyo ulikuwa unacheza," alisema mwishowe.

"Yalikuwa mafunzo."

"Umesema mwenyewe mchezo. Ulishinda?"

"Nilishinda."

"Zawadi?"

"Chupa ya chai."

Hemedy alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali bei. "Mimi mikorosho haijaniuma, shemeji. Ardhi ya mjomba wake ni yake, hata mimi nina dada zangu wanalima kwa wajomba. Angeniambia ningenuna wiki, yangeisha. Lakini nimepita sokoni leo nanunua dagaa. Mama mmoja ananiuliza, 'Nikufungie, au kuna asiyejua nyumbani?' Mama wa makamo ya mama yangu."

"Eda bado. Unaweza kumrejea. Faili nimelifuta, karatasi imebanduliwa."

"Kwenye ukuta umebandua. Na kwenye midomo?" Akaligeuza gurudumu, likazunguka sawa. "Ukiweza kwenye midomo, njoo siku hiyo hiyo, sitakuuliza kitu."

Mteja alikuja akitaka mpira wa ndani. Aliwaona Zena na Hemedy walivyokaa, akauliza kwa uchangamfu kulikoni. Hemedy akamjibu, "Mimi hata sijui," na mteja akacheka kwa nguvu. Hapo Zena aliinuka akatafuta gari la kurudi.

Ashura alikaa Nachingwea siku kumi na moja kabla Zena hajafungua mdomo. Siku zote hizo alifagia uwanja usio wake, alimsuka Shakila, na kila akiletewa chai kutoka kwenye chupa nyekundu alisema asante, ila hakunywa. Zena alidhani ni huzuni.

Siku ya kumi na moja walikuwa wanachambua mchele, ungo uko kati yao.

"Dada, ile orodha ilitoka kwangu."

Ashura hakuinua macho. Aliokota kijiwe, akakitupa nyuma.

"Kwenye kompyuta yangu. Nilificha jina lako, lakini nilivyoficha ndivyo sivyo. Nilitakiwa kufuta. Nilikuwa nawahi."

"Najua."

"Hemedy alikwambia?"

"Hemedy hakuniambia kitu. Zena, mikorosho ile nilikuwa nayo miaka tisa. Mjomba anaijua kwa sababu ardhi ni yake, naye huwezi kumtoa neno hata kwa koleo. Ukimwacha yeye, nilimwambia mtu mmoja tu duniani." Sasa akamtazama. "Hemedy alipoyasema tu yale maneno mawili, nilijua ni mkono wako. Hivyo hivyo nilivyokutamkia. Hukubadilisha hata herufi."

"Kwa nini ulikuja hapa, basi?"

"Ningekwenda wapi? Wewe ni mdogo wangu." Akapepeta ungo mara mbili. "Na nilitaka uniambie kabla hujakwenda kuwaambia wengine. Ulianza kwa karani. Ukaenda kwa Hemedy. Mimi nikawa wa tatu, na mambo ni yangu."

Zena alitaka kusema kwamba alikuwa anatengeneza kwanza. Aliona jinsi neno hilo litakavyosikika, akalimeza. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko kwa machozi. Ashura hakumkataza wala hakumbembeleza. Alimaliza mchele.

Eda ikaisha mwezi wa tisa, korosho za kwanza zinaanza kudondoka. Hemedy hakutuma mtu. Ashura alifunga furushi lake na ndoo yake, akaenda Nandagala kwenye mikorosho yake, ambayo sasa kila mtu aliijua.

Mwezi wa Januari, Protasi alipiga simu. Mchezo ulikuwa unaletwa Nachingwea, na bingwa wa Ruangwa alitakiwa awe mwezeshaji. Habari za orodha zilikuwa zimemfikia kupitia Idd.

"Dada Zena, pole sana. Ile kadi nimeshaibadilisha, sasa inasema futa. Lakini watu hawakumbuki kadi, wanakumbuka kisa. Tukisimulie hicho, bila majina. Kitafundisha."

Zena alijua ni kweli kitafundisha. Alichukua pikipiki mpaka Nandagala.

Ashura alikuwa amejenga chumba kimoja na jiko la nje. Alimsikiliza mpaka mwisho, mkono kiunoni, kisha akauliza, "Bila jina?"

"Bila jina."

"Kama mara ile."

Zena akaitikia kwa kichwa.

"Safari hii umekuja kuniuliza," Ashura alisema. "Hiyo nimeiona. Jibu ni hapana."

"Sawa, dada."

"Hata ukisema 'kuna mwanamke mmoja mahali fulani.' Hapana."

"Nimesikia."

Ashura alimpa papai la kumpelekea Shakila. Hakumkaribisha alale.

Kwa hiyo siku ya mafunzo pale Nachingwea, Zena hakuwa na kisa. Alikuwa na turubai, kadi, na mfuko wa korosho. Watafiti walicheka pale pa panya, wakacheka pale pa aliyehamishiwa Kigoma. Mzee Kipriani hakuwepo. Alikuwa amebakiza miezi miwili na alisema sanduku lake linamtosha.

Kadi ya majina ilimfikia dada mmoja wa utafiti wa udongo, mwepesi, sauti kali, kiatu kinagonga sakafu. "Tumefuta," alisema, mkono umeshanyooshwa.

"Umefuta vipi?" Zena akauliza.

"Nimefuta tu, mama. Tuendelee, muda."

"Na yale mengine yanayomtaja mtu bila jina? Shamba la nani, amepakana na nani, amesema nini?"

"Jamani, huu si mchezo tu?" Meza nzima ikacheka, na mmoja akanong'ona kwamba mwezeshaji ana mambo ya kizee.

Zena alivuta kiti akakaa kando yake, akaufunga mdomo wa mfuko wa korosho kwa fundo.

"Fungua kompyuta yako," alisema. "Nionyeshe."

Meza za jirani ziligeuka kutazama. Protasi, kule mbele, alionyesha saa yake. Zena alimwona, akageuza uso kwenye kioo cha kompyuta, akaanza kusoma herufi za juu moja moja kwa sauti, kama Mzee Kipriani alivyokuwa akisoma kadi: A, B, C, D. Muda uliisha wakiwa bado hapo. Jioni Protasi aliuliza chupa ya chai apewe nani, maana hakuna meza iliyomaliza.

"Rudi nayo," Zena akasema.